Jiko la Msafiri: Fleti za Usiku kwa Usiku Mtaani Deira

Aghalabu msafiri wa kwetu anayekwenda mji mkubwa wa ugenini huuliza kwanza bei ya kitanda, na bei ya sufuria huiacha mpaka atakapofika. Kitanda hulipiwa mara moja kwa usiku, na bei yake huweza kujulikana kabla ya mtu kuondoka nyumbani. Lakini chakula cha mkahawani, kinacholipiwa asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa watu wawili au watatu, kwa juma zima, ndicho kinachokula masurufu kidogo kidogo, hata siku ya kurejea mtu akajikuta anahesabu sarafu za nauli ya teksi. Kwa sababu hiyo, katika mji wa Dubai, na hususan katika mtaa mkongwe wa Deira ulio upande wa mashariki wa hori la mji huo, imestawi kwa miaka mingi namna ya malazi ambayo si hoteli kamili wala si nyumba ya kupanga kamili: fleti yenye sebule, chumba cha kulala, choo na jiko, inayokodishwa kwa usiku, kwa juma au kwa mwezi, na ambayo chini yake mna mapokezi, mtu wa kubadilisha mashuka, na mlinzi wa mlangoni. Serikali ya huko imezipa nyumba hizo daraja zake na sheria zake, mbali na zile za hoteli. Na wafanyabiashara wetu, ambao hawana haja na daraja, wamezipa sifa moja tu, ya kuwa mtu hukaa ndani yake kama mwenye nyumba.

Deira haikupendwa na wasafiri hao kwa uzuri wake. Dubai ya pichani, yenye mnara wa Burj Khalifa wa mita 828 uliofunguliwa mwaka 2010, na fukwe zake, na maduka yenye chemchemi za kucheza, iko mbali na hapo, na malazi yake ni ya watu waliokuja kutumia. Deira ni maskani ya watu waliokuja kuchuma. Hori linaloupa mtaa huo uhai lilikuwa likizibwa na mchanga, mpaka Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyeshika utawala mwaka 1958, alipoamuru lichimbwe na kuongezwa kina kwa fedha zilizokopwa kutoka Kuwait, na kazi hiyo ilifanywa kabla ya mafuta kugunduliwa huko mwaka 1966. Kwa hiyo ajuaye Dubai ya mafuta peke yake hajasimama asubuhi ukingoni mwa hori hilo, akaona majahazi ya mbao yakipakia majokofu, matairi na magunia kwa ajili ya bandari za Iran na Somalia, kazi ambayo asili yake ni ya kale kuliko kisima cha kwanza. Nyuma ya ukingo huo liko soko la dhahabu, liko soko la viungo, liko Naif na maduka yake ya nguo za jumla, na kati ya masoko hayo, katika majengo ya orofa tano, sita au nane yasiyomgeuza mtu shingo, ndimo zilimo fleti ninazozisema.

Uhusiano wetu na ukingo huo haukuanza na ndege. Mwenye kuvuka hori kwa mashua ya abra, ambayo nauli yake ni dirhamu moja, akaingia katika nyumba za kale zilizohifadhiwa za mtaa wa Al Fahidi na kuinua macho darini, ataona boriti za mikoko za namna iliyokuwa ikikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, ikabebwa na majahazi ya Ghuba yaliyokuja pwani yetu kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Na upana wa vyumba vile, ambao ni kiasi cha mita tatu au zaidi kidogo, haukupangwa na mjenzi bali ulipangwa na urefu wa boriti. Mabaharia wa majahazi hayo, walipokuwa wakingoja upepo ugeuke katika Mombasa na Unguja, walikaa kwetu miezi, wakijipikia chakula chao, wakiuza tende na mazulia, na wakitafuta shehena ya kurudia. Leo mambo yamegeuka: anayengoja ni mfanyabiashara wa Kariakoo, wa Darajani au wa Eastleigh, na angojalo si upepo bali ni mzigo utimie. Haja yake, hata hivyo, ni ile ile ya baharia, yaani pahali pa kulala, pa kupika, na pa kuweka mali.

Na tuingie katika fleti yenyewe. Mlango hufunguliwa kwa kadi, na kadi hiyo hiyo, ikichomekwa katika kitundu cha ukutani, ndiyo inayowasha taa na kiyoyozi. Ikichomolewa huzima vyote, na katika baadhi ya nyumba huzima hata jokofu, jambo ambalo mwenye samaki ndani yake hulijua akirudi jioni. Sebule ina kochi linalokunjuliwa likawa kitanda, meza ya kioo, na televisheni yenye stesheni za Kiarabu na za Kihindi. Jiko ni ujia mwembamba ambamo watu wawili hawapishani bila ya kuombana radhi: lina majiko mawili ya umeme yenye uso wa kioo, birika la umeme, jokofu la kimo cha kifua, mashine ya kufulia iliyosukumwa chini ya sinki, sufuria mbili, kikaango kilichobanduka, sahani nne, na kisu ambacho kitunguu hukicheka. Mwiko haumo, mbuzi ya kukunia nazi haimo, sufuria ya kutosha wali wa watu sita haimo. Wanawake waliozoea safari hizo huja na mwiko wao, umeviringishwa katika kanga katikati ya sanduku, na wengine huja na kisu pia, ndani ya sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa wanajua kwamba aliyezitia samani nyumba hizo alimfikiria mgeni wa kuchemsha yai, hakumfikiria mgeni wa kupika biriani.

Ukiwa na mwiko, Deira haikunyimi kitu. Mchele ni wa kuchagua mpaka uchoke. Unga wa mahindi hupatikana katika maduka madogo ya Wahindi na ya Waafrika. Mkate wa tanuri wa Kiirani, mpana kuliko sinia, hununuliwa ungali wa moto kwa dirhamu chache. Samaki wapo katika soko kubwa lililo kando ya bahari, lililofunguliwa mwaka 2017 kuchukua nafasi ya soko la zamani la samaki la Deira, na humo mtu wa pwani hahitaji mkalimani: nguru ni nguru, changu ni changu, chewa ni yule yule ambaye watu wa huko humtukuza kwa jina la hamuri. Desturi ya soko hilo ni kwamba anayekuuzia samaki siye anayekusafishia. Humlipa wa kwanza, ukapeleka mfuko wako kwa wa pili, ukamlipa yeye kwa kazi yake ya kuparua na kukata, ukarudi fletini na vipande vilivyo tayari kwa chumvi na ndimu. Tui ni la kopo. Sitalisifu, kwa maana halina ile harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi, lakini mchuzi wa nguru wa tui la kopo, ukiliwa kwa ugali katika orofa ya nne saa tatu ya usiku, baada ya kutembea kutwa katika joto, haufanani kabisa na kipande cha kuku katika boksi la karatasi.

Hapo ndipo nilipomwona jikoni, mlango wa jirani ukiwa wazi kwa ajili ya moshi, bibi mmoja mtu mzima wa Unguja, anayenunua mabuibui na manukato, akikaanga vitunguu huku amejifunga kanga kiunoni. Na nyuma yake, sebuleni, zulia lote limefunikwa na mafungu ya nguo yaliyopangwa kwa saizi, kila fungu limewekewa kikaratasi cha bei ya kununulia. Msichana wa Kariakoo, aliyekodi fleti ya mbele kwa shirika na wenzake wawili, alibisha hodi. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Mwiko wako umepumzika?" "Marahaba, mwanangu. Haujapumzika, lakini ngoja nigeuze mara moja, uuchukue. Nao usilale kwako, kesho nina ugali alfajiri." Msichana akaketi ukingoni mwa kochi, akaanza kukunja nguo zisizo zake bila ya kuombwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya magauni ya watoto katika Naif, ni duka gani linapunguza ukichukua dazeni tatu, na ni lipi linalochanganya saizi kwa makusudi ili zile zisizotoka zikaondoke na mgeni. Maarifa ya namna hiyo, yanayopitishwa pamoja na mwiko kutoka mlango hadi mlango, hayauzwi katika kitabu chochote cha watalii.

Kwa hakika sebule ile ndiyo siri ya pili ya nyumba hizo baada ya jiko. Anayelala katika chumba cha hoteli cha kawaida, chenye kitanda, kabati na kijia cha kupita kwa ubavu, hana pa kumwaga mzigo wake akauhesabu. Hununua akafunga, akafungua akatafuta kilichopotea, akafunga tena juu ya kitanda. Mwenye fleti huifanya sebule kuwa ghala. Huko ndiko vitu vinakotolewa maboksini ili visile nafasi, viatu vikatiwa soksi ndani yake, na bidhaa zikagawanywa mafungu mawili, la ndege na la meli. Kwa maana wakala wa mizigo huitoza shehena ya ndege kwa kilo na shehena ya meli kwa ujazo, basi kilicho kizito na kidogo hutakwa kipande meli, na kilicho chepesi, ghali na kinachohitajika dukani kabla ya sikukuu, hutakwa kipande ndege. Wanaonunua samani, taa na vigae huenda nje kidogo ya mji, Dragon Mart, soko la bidhaa za Kichina lililofunguliwa mwaka 2004 na lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja, lakini hao nao hurudi Deira kulala, kwa kuwa mawakala wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wako karibu na hapo, na kwa kuwa Kiswahili hakimtupi mtu katika vichochoro vile.

Mizani ya mapokezi, katika nyumba iliyozoea wageni wa Kiafrika, huheshimiwa kuliko kaunta. Usiku wa mwisho wa safari watu hushuka na masanduku yao, wakayapandisha moja moja, na mhudumu, ambaye kwa miaka amejifunza kuhesabu mpaka 30 kwa Kiswahili, hutangaza kilo kwa sauti. Aliyezidi hufungua palepale mbele ya watu, akatoa sabuni na chupa za manukato akamkabidhi mwenziwe aliyepungukiwa, na deni la kilo mbili huandikwa moyoni hadi Kariakoo. Treni ya mjini, iliyoanza tarehe 9 Septemba 2009, inafika uwanja wa ndege na ni rahisi, ila inamruhusu abiria sanduku kubwa moja na dogo moja, kwa hiyo mwenye mali huagana nayo siku hiyo akaita teksi.

Si wafanyabiashara peke yao waliozipenda fleti hizo. Wamo wazee wanaokwenda kuzuru jamaa, kwa maana baada ya mapinduzi ya 1964 watu wengi wa Zanzibar walihamia Oman na nchi za Ghuba, na Dubai ikiwemo, na wajukuu wao leo wana lugha mbili nyumbani. Zamani mgeni wa damu alilala kwa nduguye, akalala na watoto sebuleni, akangojea zamu ya choo. Nasi tuna methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika fleti za mji ule, ambazo kodi yake haimwachii mtumishi wa kawaida chumba cha ziada, jembe huja mapema. Basi mgeni mwenye busara hukodi fleti yake mwendo wa dakika chache kutoka kwa nduguye, na Ijumaa, badala ya kualikwa, hualika yeye: hupika pilau, huwaketisha watoto wa ndugu juu ya zulia la fleti, na husahau kwa saa mbili kwamba yuko ugenini. Sioni hoteli ya nyota tano inayoweza kumpa mtu mzima fahari ya namna hiyo, ya kukirimu katika mji asiokuwa na ukuta wala dari.

Sasa hesabu, kwa sababu unafuu husemwa kwa urahisi na huthibitishwa kwa kalamu. Bei inayotangazwa siyo inayolipwa. Juu yake kuna tozo ya baraza la mji na malipo ya huduma. Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza Januari 2018. Na kuna dirhamu ya utalii, iliyoanza mwaka 2014, ambayo ni kati ya dirhamu 7 na 20 kwa kila chumba kwa kila usiku, kwa kadiri ya daraja la nyumba, na ambayo mara nyingi haimo katika malipo uliyoyafanya kabla bali hudaiwa kaunta. Kwa fleti ya daraja la kati yenye tozo ya dirhamu 10, juma moja ni dirhamu 70. Na kwa kuwa dola moja imefungwa kwa dirhamu 3.67 tangu mwaka 1997, hiyo ni kama dola 19, yaani thamani ya samaki wa siku kadhaa. Fauka ya hayo huwekwa amana, inayorudishwa siku ya kuondoka kama kilichovunjika hakipo, na yeye aliyeilipa kwa kadi asishangae ikichelewa kurudi katika akaunti yake. Misimu nayo ina hukumu yake: kuanzia Juni hadi Agosti, joto linapopita nyuzi 40, bei huteremka; lakini Desemba na Januari, wakati wa tamasha la manunuzi lililoasisiwa mwaka 1996, na wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, hupanda, na chumba kilichokuwa kikimngoja mtu sasa humlazimu mtu akingoje.

Liko jambo moja ambalo baadhi ya watu wetu hulidharau, nalo ni idadi. Fleti ya watu watatu hukodishwa watu watatu, na kila mgeni sharti aandikishwe kwa pasipoti yake. Wapo wanaojaribu kuwapitisha wanne wengine kwa ngazi ya nyuma ili kodi igawanyike kwa saba, na mapokezi, ambao wana kamera katika kila ujia, huwaacha walale usiku wa kwanza, kisha asubuhi huwaletea hesabu. Unafuu uliojengwa juu ya hila hugharimu zaidi ya uliojengwa juu ya sufuria.

Aibu za nyumba hizo nazo zisifichwe. Madirisha ya fleti za bei ya chini mara nyingi hutazama ukuta wa jirani, na mwenye kupenda jua hana lake humo. Viyoyozi vya zamani huunguruma usiku kucha. Picha zilizotumiwa kumvutia mgeni zilipigwa siku samani zilipokuwa mpya. Kuanika nguo barazani ni marufuku ya baraza la mji, na faini ipo, hivyo fulana na shuka hutundikwa ndani juu ya viti. Mfagizi haji kila siku katika kila nyumba, na vyombo havioshi yeye. Anayesafiri ili apumzike na jiko lake ataona ajabu kulikuta jingine likimngojea, na huyo ninamwonea huruma zaidi akiwa ni mama aliyesafiri na mume asiyejua kuchemsha maji. Kwa upande mwingine, fleti hizo aghalabu hazina baa wala ukumbi wa muziki, tafauti na hoteli kadhaa za mtaa huo huo ambazo ngoma zake hupenya sakafu mpaka saa tisa za usiku, na familia nyingi za Kiislamu za kwetu huzichagua kwa sababu hiyo peke yake, hata kabla ya kuuliza bei.

Kwa maoni yangu, anayepita Dubai usiku mmoja au miwili, akiwa peke yake, akodi chumba cha hoteli cha kawaida na ale mkahawani, kwa kuwa jiko ambalo halitawashwa ni kodi ya bure. Lakini watu wawili na zaidi, watakaokaa siku nne au juma, wenye mzigo wa kupanga au jamaa wa kualika, watafute fleti ya Deira iliyo mwendo wa miguu kutoka kituo cha treni cha Union, Al Rigga au Baniyas Square, na kabla ya kutoa pasipoti wamwombe mtu wa mapokezi aandike juu ya karatasi jumla ya kila kitu, pamoja na dirhamu ya utalii na amana. Kisha waombe kuonyeshwa jiko, wawashe jiko lenyewe, na waangalie kama jokofu linaendelea kufanya kazi kadi ikichomolewa. Na mwiko uchukuliwe kutoka nyumbani.